Kuhesabu Kilicho Adimu Si Anasa

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua bandari kavu ya Kwala, Julai 31, 2025, kuna hoja moja ninayoisikia kila ninaposhuka Vigwaza kwenda kuwasalimu ndugu zangu. Inasemwa na wazazi, inasemwa na madereva, inasemwa hata na walimu wenzangu wa sayansi. Zama za Kwala, wanasema, ni zama za mizigo. Basi kijana wa Kwala afundishwe kuendesha kreni, kusoma nyaraka za forodha na kupanga makontena yanayosubiri treni. Fizikia ya chembe ndogo kuliko atomi, ile inayosaka tukio moja katika mabilioni, waachiwe Wazungu na Wajapani ambao wameshiba. Mjomba wangu, aliyeendesha lori la Zambia kwa miaka mingi na ambaye neno lake nalichukua kwa uzito, alinimalizia hivi: "Mjomba, hiyo elimu yako haipakuliwi bandarini."

Siandiki kumdhihaki. Mshahara wa mwendesha kreni unaonekana, na mama anayeuza chakula kando ya barabara ya zege ya Vigwaza anaujua mwezi unaolipwa na mwezi unaocheleweshwa. Anayetaka kumwambia mama huyo kwamba kuna watu wanapima kuvunjika kwa chembe kunakotokea mara 13 katika bilioni 100, na kwamba jambo hilo linamhusu, ana deni la kueleza. Nakubali kulilipa. Lakini nasema wazi tangu sasa: hoja ya mjomba ni potofu, na upotofu wake unaanza pale pale kwenye neno "waachiwe", kana kwamba kitu hiki hakijawahi kuwa chetu.

Julai 17, 1959, Mary Leakey aliona mfupa ukichungulia kwenye mteremko wa Bonde la Olduvai. Fuvu lililounganishwa kutokana na vipande vya pale likaitwa Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliipa pwani yetu hii. Lilikuwa na umri gani? Louis Leakey, mumewe, alikadiria miaka kama 600,000. Alikuwa mtaalamu mkubwa, na kadirio lake lilikuwa la mtu mkubwa, lakini lilibaki kuwa kadirio. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa jibu kutokana na miamba ya volkano ya bonde lile: miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu ya ilivyodhaniwa. Hadithi nzima ya asili ya binadamu ikabidi isogezwe nyuma, na kitovu chake kikakaa Afrika Mashariki.

Walipimaje? Kwa kuhesabu uvunjikaji ambao ni adimu kupita kiasi. Katika kila atomi milioni moja za potasiamu, 117 hivi ni za aina iitwayo potasiamu-40, nazo huvunjika polepole mno: ukiwa na rundo lake leo, nusu ya rundo hilo itachukua miaka bilioni 1.25 kuisha. Katika kila atomi 100 zinazovunjika, karibu 89 hugeuka kalsiamu na karibu 11 hugeuka gesi ya arigoni. Lava ikiwa ya moto gesi yote hutoroka. Ikishapoa, gesi mpya inanaswa ndani ya jiwe, na saa inaanza kwenda. Mwenye kujua kasi ya uvunjikaji, na mgao wa njia zake mbili, anasoma umri wa jiwe kama karani anavyosoma tarehe kwenye hati ya mzigo. Nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka takriban milioni 3.66 iliyopita, nazo zilipata umri wake kwa saa hii hii. Fuvu la Zinj limetunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mtoto wa Kwala anaweza kwenda kulitazama akarudi kwao siku hiyo hiyo. Kile kinachompa uhakika wa umri wa fuvu lile ni watu waliokaa wakahesabu vitu vidogo bila kuchoka.

Wala kazi haikuishia 1961, na hapa namwomba mjomba asogeze kiti. Mwaka 2023 kundi la watafiti linaloitwa KDK, lililotumia vifaa vya maabara ya Oak Ridge, Tennessee, lilitangaza kwamba limepima moja kwa moja, kwa mara ya kwanza, njia ya tatu ya potasiamu-40. Kwa kawaida kiini cha arigoni huzaliwa na nishati ya ziada, nacho huitema kwa mnunurisho wa gama, ambao kifaa huudaka. Lakini mara chache kiini huzaliwa kimetulia tayari. Hakitemi kitu, kwa hiyo huponyoka bila kuonekana. Wananadharia walikuwa wamekadiria mara hizo chache kila mtu kivyake, na hakuna aliyekuwa na kipimo cha kuwaamua. KDK wakapata: takriban mara moja katika kila uvunjikaji 1,000. Namba hiyo ndogo inagusa saa ya wanajiolojia. Inagusa pia majaribio ya kutafuta mada giza, kwa sababu potasiamu kidogo iliyojificha ndani ya kifaa yaweza kujifanya ndiyo ishara inayotafutwa. Tena inazipima nadharia za kiini cha atomi zenyewe.

Mwili wa mtu mzima una potasiamu ya kutosha kuvunjika mara 4,000 na zaidi kila sekunde. Maana yake kijana anayepandisha mizigo pale Kwala, hata akiwa amekaa anakunywa maji, ile njia adimu iliyopimwa Oak Ridge inapitwa ndani ya mwili wake mara nne hivi kwa sekunde. Nani atamwambia kijana huyo kwamba ni mambo ya Wazungu?

Sasa niende kwenye kiini cha ugomvi, maana wapo wanaokubali habari za Olduvai lakini wanasema kule kulikuwa na jiwe la kushika mkononi, na majaribio ya leo hayana jiwe. Chukua jaribio la NA62 lililoko maabara ya CERN, Geneva. Mtambo wake hupitisha karibu chembe bilioni moja kwa sekunde, na 6 katika kila 100 ni za aina iitwayo kaoni. Kaoni huvunjika kwa njia nyingi za kawaida. Watafiti wa NA62 hawazitaki hizo. Wanaitaka moja: kaoni yenye chaji inayovunjika kuwa pioni moja na nyutrino mbili ambazo hakuna chombo pale kinachoziona. Nadharia inayotawala, Modeli Sanifu, inasema katika kaoni bilioni 100 zitakazovunjika, zipatazo 8 ndizo zitakazopita njia hiyo.

Tuyapime haya kwa vipimo vya Kwala. Kilo moja ya mchele ina punje kama 50,000. Kontena la futi 20 likibeba tani 25 za mchele, linabeba punje bilioni moja na robo. Modeli Sanifu inatabiri punje moja ya rangi tofauti katika makontena karibu kumi yaliyojaa. Septemba 2024 NA62 walitangaza walichopata baada ya kukusanya takwimu kuanzia 2016 hadi 2022: matukio 51 yanayofanana na linalotafutwa, ambayo kati yake 18 hivi yalitarajiwa kuwa ya uongo. Hesabu ikatoka 13 katika bilioni 100, yaani punje moja katika makontena sita. Kosa linaloweza kuwemo ni kama 3 juu au chini, hivyo bado si ruhusa ya kusema nadharia imeshindwa. Ila tukio lenyewe limethibitishwa kuwapo, na takwimu zaidi ziliendelea kukusanywa.

Kwa nini mtu ajisumbue na njia hiyo nyembamba wakati barabara kuu zimejaa kaoni? Mtu wa bandari analijua jibu kuliko mtu mwingine yeyote. Barabara ya Morogoro ikipitwa na malori maelfu kwa siku, lori moja lisilo na kibali halionekani. Lakini kwenye njia ya panya, ambayo unajua kwa hakika hupitwa na baiskeli moja kwa mwaka, baiskeli ya pili ni habari kubwa. Ina maana kuna mtu ambaye hukumjua. Ndivyo ilivyo kwenye chembe. Chembe nzito ambayo hakuna mtambo duniani wenye nguvu ya kuizalisha yaweza kuacha unyayo wake katika kuvunjika kwa chembe nyepesi, kwa sababu sheria za kwanta zinairuhusu kushiriki kwa kitambo kifupi mno bila kujitokeza. Kwenye njia pana unyayo huo hufutwa na wingi wa nyayo nyingine. Kwenye njia adimu unabaki. Ndiyo maana watu wanazing'ang'ania njia adimu, na asiyelijua hilo asiwaite wapotezaji wa muda.

"Lakini hawapati kitu!" Hoja hii naisikia hata kwa wasomi, nayo ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inachukuliwa kuwa ya busara. Wanasema miaka inapita, fedha zinateketea, na matokeo ni yale yale: nadharia imekubaliana na kipimo, hakuna jipya. Anayesema hivi hajui historia ya jambo analolisema. Katika miaka ya 1960 nadharia iliyokuwepo iliruhusu kaoni fulani isiyo na chaji kuvunjika kuwa myuoni mbili, ndugu wazito wa elektroni, kwa wingi ambao ulipaswa kuonekana. Watu wakatazama. Haikuonekana kwa wingi ule. Kutokuonekana huko kuliwafanya Glashow, Iliopoulos na Maiani, mwaka 1970, waandike kwamba lazima kuna kwaki (chembe ya msingi) ya nne isiyojulikana bado, ambayo mchango wake unaufuta ule wa zile nyingine. Novemba 1974 chembe yenye kwaki hiyo ikaonekana katika maabara mbili za Marekani. Mtu alihesabu, akakuta karibu na sifuri, na sifuri ile ikamwonyesha kitu ambacho macho hayajakiona.

Mfano wa pili naupenda zaidi, kwa kuwa anga letu limo ndani yake. Kamioka, Japani, ndani ya mgodi, kilijengwa kisima cha maji tani 3,000, kikaanza kazi mwaka 1983. Kilijengwa kusubiri protoni ivunjike, uvunjikaji adimu kuliko wote uliotabiriwa na nadharia za wakati huo. Protoni haikuvunjika. Mpaka leo haijaonekana ikivunjika popote. Kwa hoja ya "hawapati kitu", kisima kile kingefungwa mapema. Februari 23, 1987, kilidaka nyutrino 11 katika sekunde zipatazo 13. Nyota ilikuwa imelipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, kusini kabisa ya anga, mahali ambapo mtu wa Japani hawezi kupaona. Nyutrino zile ziliingia ardhini upande wa kusini wa dunia, zikapenya sayari nzima, zikatokea Kamioka kutokea chini. Nyota yenyewe ilionekana kwetu. Aliyesimama Kwala jioni za Machi 1987 akatazama kusini, chini karibu na upeo, palipo wazi bila mawingu, aliweza kuiona kwa macho yake bila darubini. Sisi tulikuwa na mwanga wake. Wenzetu waliokuwa na kisima walipata moyo wake. Masatoshi Koshiba alitunukiwa Nobeli mwaka 2002 kwa kazi hiyo. Na kisima kikubwa zaidi kilichofuata mahali pale pale, Super-Kamiokande, ndicho kilichoonyesha mwaka 1998 kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini, jambo ambalo haliwezekani kama hazina uzito wowote, kama Modeli Sanifu ilivyokuwa ikizichukulia.

Tena hata pale ambapo kipimo kinakubaliana kabisa na nadharia, kuna kazi imefanyika. Mwaka 2015 majaribio mawili ya CERN, CMS na LHCb, yalichapisha kwa pamoja kipimo cha chembe moja ya familia ya B inayovunjika kuwa myuoni mbili, mara tatu hivi katika bilioni moja. Modeli Sanifu ilisimama. Lakini nadharia nyingi zilizokuwa zikiishindania nafasi, zilizoandikwa na watu hodari kwa miaka mingi, zilianguka siku hiyo au zikabanwa kwenye kona. Kuondoa uongo ni faida. Karani anayethibitisha kwamba makontena yote yaliyoandikwa yamefika hajapoteza siku yake kwa sababu hakukuta wizi.

Na nigusie jambo ambalo wapinzani hulitumia kama ushahidi wao, ilhali ni ushahidi wangu. Machi 2021 LHCb walitangaza kwamba chembe za B zinaelekea kutozitendea sawa elektroni na myuoni zinapovunjika, kinyume cha Modeli Sanifu. Uwezekano wa kuwa ni bahati tu ulikuwa kama mmoja katika elfu. Magazeti ya dunia yakapiga mbiu ya fizikia mpya. Desemba 2022, LHCb hao hao walirudi wakasema: tumechambua upya, baadhi ya tulizozihesabu kama elektroni hazikuwa elektroni, na tofauti imetoweka. Hakuna mahakama iliyowalazimisha. Walikuwa na sifa ya kupoteza, wakaipoteza kwa mikono yao kwa sababu hesabu ilidai hivyo.

Haikutokea kwa wema wa moyo peke yake. Ipo desturi waliyojiwekea watu wa fani hii. Takwimu zilizo katika eneo ambalo tukio linatarajiwa hufungwa, kama kontena lililopigwa lakiri. Watafiti huandika kwanza kanuni zote: nini kitakubaliwa, nini kitatupwa, kosa litakadiriwaje. Wanajaribu kanuni hizo kwenye takwimu za pembeni. Kisha tu, mbele ya wote, lakiri inakatwa, na kitakachokutwa ndicho kitakachochapishwa. Mtu haruhusiwi kuchungulia mzigo halafu akaandika hati ilingane nao. Niambie, mjomba, wewe uliyevuka Tunduma mara zisizo na idadi, ni taaluma gani inayoihitaji nidhamu hiyo kuliko bandari? Ni nchi gani isiyoihitaji katika hesabu zake?

Watetezi wengi wa sayansi hii wakifika hapa hukimbilia intaneti. Watakuambia tovuti zilibuniwa CERN mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, basi nyamaza ushukuru. Mimi hoja hiyo siitumii. Ni sawa na kumposea kijana kwa kumsifu binamu yake. Kupima kilicho adimu kuna thamani yake kwenyewe, na matunda yake ya karibu yanatosha bila kukopa ya mbali. Pale Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wa saratani wametibiwa miaka mingi kwa kobalti-60, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 5.27. Kila mwezi chanzo kinapungua nguvu kwa takriban asilimia moja, na muda wa mgonjwa kulala chini ya mashine lazima uongezwe sawasawa na upungufu huo. Kuzidisha ni kuunguza, kupunguza ni kuuacha uvimbe hai. Yule mwanafizikia wa tiba anayepiga hesabu hiyo ni ndugu wa damu wa wale wa NA62: wote wanaishi kwa kuhesabu chembe zinazovunjika na kulijua kosa la hesabu yao. Ukimwambia mtoto kwamba elimu hiyo si yake, umemwambia pia kwamba mashine ya kumtibu mama yake itasubiri mtu wa kuja kwa ndege.

Kuna jambo zito zaidi. Urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka kwa wingi Shinkolobwe, Katanga, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Waliichimba kwa mikono na kuipakia kwenye magunia, na hakuna aliyewaeleza wamebeba nini. Waliojua kupima walikuwa mbali. Leo urani iko Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na Julai 2025, katika wiki ile ile ya Kwala, mtambo wa majaribio ya kuichakata ulizinduliwa pale. Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki yenye jukumu la kusimamia mionzi nchini. Tume hiyo itapata wapi watu wake kesho, kama leo tunawaambia wanafunzi kwamba hesabu za chembe ni mchezo wa walioshiba? Nchi inayouza urani haina haki ya kusema upimaji wa uvunjikaji haiuhusu. Ikisema hivyo, mnunuzi ndiye atakayempimia muuzaji.

Imebaki gharama. Ni kweli, CERN hutumia zaidi ya faranga za Uswisi bilioni moja kwa mwaka, na mzigo huo unabebwa na nchi wanachama zaidi ya ishirini. Hakuna anayeiomba Tanzania ijenge kitu cha namna hiyo, na anayeniwekea ombi hilo mdomoni anapigana na mtu asiyekuwepo. Ninachodai ni kidogo na kipo. Tangu 2014 CERN imefungua hazina ya takwimu zake kwa yeyote mwenye intaneti, na matukio halisi ya CMS yenye myuoni mbili yanaweza kuchambuliwa kwenye kompyuta ya kawaida ya shule. Shule ya Afrika ya Fizikia, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2010 kwa juhudi za Ketevi Assamagan wa Togo na wenzake, ilikutana Kigali mwaka 2016. Kigali hiyo hiyo ina taasisi ya utafiti wa misingi ya sayansi kwa Afrika Mashariki tangu 2018, iliyo mshirika wa kituo alichokianzisha Abdus Salam kule Trieste mwaka 1964. Rwanda ni nchi ambayo mizigo yake inapita kwetu. Imetengewa eneo lake pale pale Kwala. Haikuona kwamba kuwa na makontena kunakataza kuwa na nadharia.

Na kama kidogo hicho bado ni kingi, basi tuanze na paa la kontena. Myuoni ni ndugu wa elektroni, mzito mara 207 hivi. Zinazaliwa juu angani chembe kutoka mbali zinapogonga hewa, na kila sentimita ya mraba ya ardhi hupitwa na moja hivi kwa dakika. Kontena la futi 40 lina paa la karibu mita 30 za mraba, kwa hiyo hupenywa na myuoni zipatazo 300,000 kila dakika, usiku na mchana. Bandari ya Freeport, Bahamas, ilifunga mwaka 2012 mtambo unaotumia myuoni hizi kuchungulia ndani ya makontena, kwa kuwa hupindwa zaidi zinapokutana na metali nzito iliyofichwa. Basi ile elimu ambayo haipakuliwi bandarini imeshapakuliwa bandarini, ila si yetu. Kule Uswisi, jaribio la MEG II linauliza kama myuoni yaweza kuvunjika kuwa elektroni na fotoni peke yake, jambo ambalo Modeli Sanifu inalifanya lisitarajiwe kuonekana kamwe. Mwaka 2025 walijibu kwamba kama linatokea, linatokea chini ya mara moja na nusu katika trilioni 10. Ili kontena moja la Kwala lipitwe na myuoni za kutosha kutarajia tukio moja la kiwango hicho, ingebidi likae uwanjani miaka 42. Makontena mia moja yangehitaji miezi mitano. Sisemi tukaitafute pale; sisemi myuoni zinazopita tu zinatosha kwa kazi ya MEG II. Nasema mwanafunzi akiweza kupiga hesabu hiyo mwenyewe, ameshaelewa ukubwa wa swali wanalolihangaikia watu wazima wa dunia.

Kuna kifaa cha mezani cha kuhesabu myuoni, kilichobuniwa MIT kwa ajili ya wanafunzi, ambacho vipuri vyake vinagharimu takriban dola 100. Ramani ya kukitengeneza hutolewa bure. Namwomba mwalimu mkuu wa sekondari yoyote kati ya Vigwaza, Kwala na Kisarawe akinunue kimoja, na kampuni yoyote inayopata riziki kwenye uwanja ule wa makontena imsaidie. Kiwekwe kwenye dirisha la darasa. Wanafunzi wahesabu asubuhi na jioni, waandike kosa la hesabu yao mbele ya kila namba, na namba za mwaka mzima zibandikwe ukutani wazazi wazione. Mjomba ameniahidi kwamba siku kifaa kitakapofika atakuja kuhesabu naye.